Ndege ndogo ya foamu ya delta: vile unaeza kuiongezea spidi bila kuivunja hewani

Mtu akinunua ile ndege ndogo ya rimoti ya foamu ya delta, ile ya pembetatu mota ikiwa nyuma, wiki ya kwanza anafurahi tu ikiruka, wiki ya tatu anaanza kuuliza ni betri gani itaifanya iende kasi zaidi. Mimi pia nilianza na hilo swali na lilinigharimu ndege, ndio maana nimekaa chini kuandika hii yote. Betri ndio kitu ya mwisho kabisa. Kwanza mwili uwe mgumu, pili ngozi yake iwe laini hewa iteleze, tatu propela iwe ile inafaa, alafu ndio uguse mota na betri, na kila hatua uipime kabla uende kwa ingine.

Yangu ina mabawa ya sentimita 80 kutoka ncha hadi ncha, kutoka pua hadi nyuma ni 48, na uzito na betri ikiwa ndani ni gramu 430. Ilikuja na mota ya brashilesi ya KV 1,800 (KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti), propela ya 6x4, ESC ya ampea 20 (ESC ni ile saketi inayodhibiti mwendo wa mota) na nilikuwa naipea lipo, ile betri ya lithiamu, ya 3S (seli tatu, volti 11.1) ya 1,300 mAh. Hesabu zote hapa ni za ukubwa huo, yako ikiwa kubwa ama ndogo badilisha.

Kisa chenyewe kilikuwa Juja Farm, Jumapili asubuhi. Nilikuwa nimepata betri ya 4S nikaichomeka vile ndege ilivyokuwa, foamu tupu, servo zake za kwanza (servo ni vile vimota vidogo vya usukani), na zile waya zake nyembamba za kusukuma elevoni, yaani zile sehemu mbili za nyuma zinazopanda na kushuka. Raundi ya kwanza ilienda vizuri hadi kijana wa jirani mwenye tulikuwa naye akapiga kelele ya furaha. Raundi ya pili nikaishusha kidogo ikija upande wetu na mafuta yote (stiki ya nguvu tunaiita mafuta hata kama ndege ni ya umeme), nikasikia mngurumo kama nyuki wamechokozwa, sekunde moja tu, elevoni ya kushoto ikang'oka na ndege ikaingia kwa shamba la mtu la nepia, zile nyasi za ng'ombe. Tulipofika tukapata mzee amesimama hapo kando.

"Kijana, hii kitu yako inatoa moshi."

"Pole sana mzee, tafadhali usiikaribie, hiyo ni betri."

Akatuletea jembe tukairushia mchanga mpaka ikatulia, na nikamlipa nepia yote tuliyokanyaga. Nilienda nyumbani na servo moja na risiva (ile inapokea mawimbi ya rimoti), basi. Hii ya sasa ni ingine kama ile.

Ule mngurumo ndio kitu cha kuelewa kabla ya kununua chochote. Elevoni zikiwa zinapindika ama zikiwa na uchezo kwa bawaba ama kwa gia za servo, kuna spidi fulani hewa inaanza kuzitikisa zenyewe, na kila tikiso linalisha lingine, ndani ya sekunde moja limekuwa kubwa kuliko foamu inavyoeza kubeba. Chini ya hiyo spidi husikii kitu, ndege inaruka poa kabisa, ukiipita kidogo tu inapasuka. Kwa hivyo ndege isiyo ngumu ikiongezewa nguvu inafikishwa tu haraka mahali itavunjikia.

Sasa hesabu kidogo. Hewa inakushika kulingana na spidi zidisha spidi, na nguvu ya kuishinda ni spidi zidisha spidi zidisha spidi tena. Ukitaka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, hiyo ni robo tu umeongeza, lakini nguvu inatakiwa karibu mara mbili, juu 1.25 mara tatu kwa kuzidisha inakupa 1.95. Ukitaka 160 ni mara nane. Hakuna betri ya gramu 110 itakupa mara nane. Lakini geuza hesabu uone upande mwingine: ukipunguza robo ya vile hewa inaishika ndege yako, kwa mota ile ile na betri ile ile, unapata karibu asilimia 10 ya spidi bila kuongeza hata wati moja. Hiyo kazi inafanywa na msasa na selotepu, na wengi wanairuka.

Na kuna jambo la hapa kwetu lenye huwezi kusoma kwa maelekezo ya watu wa nchi za pwani. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Propela ile ile hapa inauma hewa kidogo, msukumo unapungua na ampea pia zinapungua, lakini pia ndege inashikwa kidogo, kwa hivyo spidi ya juu haiumii sana. Kinachoumia ni spidi ya chini: ndege ikihitaji kilomita 30 kwa saa ndio isianguke kule Mombasa, hapa itahitaji karibu 33, yaani itatua kwa kasi zaidi na mkono unaoirusha lazima uwe na nguvu zaidi. Na ukienda nayo pwani likizo ya Disemba na ile propela umechagua Nairobi, pima ampea upya kabla ya kuruka, juu mota na ESC zitabeba mzigo mkubwa kuliko uliozoea.

Tuanze na ugumu. Bawa likishikwa ncha na kupindwa kwa vidole halifai kukubali kwa urahisi. Unachohitaji ni fimbo ya karboni ya milimita 4 ama 5, ile yenye tundu katikati ni bora juu ni nyepesi, ipite kutoka bawa hadi bawa mahali bawa ni nene kabisa. Kama hupati karboni, fimbo za faibaglasi za mwavuli mkubwa ama za tenti zinafanya kazi, ni nzito kidogo tu, na pale Gikomba kwa mitumba ya fimbo za kuvulia samaki nimewahi kupata vipande vizuri vya karboni kwa bei ya chai na mandazi. Chora mstari kwa rula upande wa chini wa bawa, kata mfereji na wembe mpya, usikate hadi upande wa pili, alafu laza fimbo na gundi ya epoksi na uweke vitabu vizito juu usiku mzima ndege ikiwa imelala kwa meza iliyonyooka. Nasisitiza meza iliyonyooka kwa sababu gundi ikikauka na bawa limepinda hutalinyoosha tena na ndege itakuwa inavuta upande mmoja maisha yake yote. Ukikata karboni funika pua na mdomo na ukatie nje, lile vumbi si la kuvuta. Na waya ya antena ya risiva iwe mbali na hiyo fimbo, karboni inaziba mawimbi ya rimoti.

Gundi chunguza kwanza. Foamu ya EPO na EPP inakubali supa gluu, lakini ile nyeupe ya punje za kuvunjika, kama ya boksi la TV, inayeyuka ukiiwekea supa gluu ya kawaida, unabaki na shimo. Jaribu kwa kipande kisichoonekana.

Elevoni ndio nataka ukae nazo muda mrefu zaidi. Za foamu tupu zinajipinda zenyewe, unaeza kushika upande wa ndani ukiwa umetulia na ule wa nje unacheza. Mimi nilipasua vijiti vya mishikaki kwa urefu, nikavigundisha ukingo wa mbele wa elevoni kutoka mwanzo hadi mwisho, alafu nikafunika yote na selotepu pana juu na chini. Ukiwa na utepe wa karboni wa milimita 1 kwa 3 ni bora zaidi lakini vijiti vimenibeba mpaka leo. Bawaba kama ni foamu yenyewe imekunjwa, iongezee selotepu urefu wote upande wa juu, si vipande vipande, hiyo pia inaziba ule mwanya wenye hewa inapita kutoka chini kuja juu na kukunyima usukani.

Servo za gramu 9 za gia za plastiki zinachoka haraka. Shika elevoni, rimoti ikiwa imewashwa, itingishe kwa kidole: ukisikia tak tak kabla servo ishike, huo ni uchezo na ndio chakula cha ule mngurumo. Aina ya MG90S ya gia za chuma inatosha, inaongeza gramu kama nne hivi kila upande. Waya ya kusukuma isizidi urefu unaohitajika, iwe ngumu, spoki ya baiskeli ya milimita 2 ni nzuri sana na fundi baiskeli yeyote mtaani atakupa ya zamani. Kwa mkono wa servo tumia shimo la ndani kabisa, kwa pembe ya elevoni tumia shimo la nje kabisa, hapo servo inapata nguvu na uchezo unagawanyika unakuwa mdogo. Utapoteza mwendo wa elevoni, lakini kwa spidi unayoitafuta milimita 8 juu na 8 chini zinatosha kabisa.

Sasa ulaini. Toa kila kitu kinachoning'inia: magurudumu kama yako, stika zilizobanduka, waya za servo zilizo nje. Waya zizamishe kwa mfereji wa wembe na upitishe selotepu juu. Betri na risiva ziingie ndani ya mwili na kifuniko kikae sawasawa na foamu, kikiwa kimeinuka hata milimita 3 upande wa mbele hapo hewa inagonga ukuta. Ukingo wa nyuma wa bawa na wa elevoni kwa ndege za bei nafuu huwa mnene kama biskuti, milimita 4 ama 5, na nyuma yake hewa inabaki inazunguka inaivuta ndege. Uchonge uwe kama milimita 1 na nusu, ukiteremka polepole kutoka sentimita 3 ndani. Ukingo wa mbele uache mviringo, usiuchonge uwe kama kisu, delta yenye ukingo mkali wa mbele inakuwa ya kutisha wakati wa kutua.

EPO haipendi msasa, punje zinang'oka, pitisha msasa wa 400 taratibu tu kwa mwendo mmoja. Mashimo yajaze na filla nyepesi ya ukuta iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo, ikikauka pitisha msasa tena, alafu ndege yote ifunikwe na selotepu pana ya wazi kuanzia nyuma kuja mbele ndio kila tabaka la mbele lilalie la nyuma na hewa isipate mahali pa kuinua. Pima uzito kabla na baada. Yangu iliongezeka gramu 22 na kila gramu ilistahili, hapo ndio ndege ilianza kupiga mluzi ikipita badala ya kuvuma.

Usisahau kuacha njia ya hewa ya kupoza ESC. Tundu dogo mbele, la kutokea nyuma liwe kama mara mbili ya la kuingilia. Hewa nyepesi ya huku inapoza polepole, na hilo nimeliona kwa ESC iliyokuwa moto sana kushika.

Baada ya kuongeza hivi vitu vyote balansi imehama, na delta haisamehi. Kama ndege yako ni pembetatu kamili, ukingo wa nyuma ukiwa umenyooka, ile sehemu ya kubeba uzito iko katikati kabisa ya urefu kutoka pua hadi nyuma. Kwangu ni sentimita 24. Balansi lazima iwe mbele ya hapo, kati ya asilimia 43 na 46 ya urefu kutoka kwa pua, yaani kwangu sentimita 20.6 hadi 22. Anza na ile ya mbele. Weka alama mbili chini ya mabawa, iinue kwa vidole viwili hapo, iwe imelala sawa ama pua imeshuka kidogo. Ikiwa nyuma hata kwa sentimita 2 itarukaruka kama samaki na hutaipata. Ikiwa mbele sana itaruka salama lakini utabeba elevoni zimeinuliwa sana na hizo zinakupunguzia spidi, kwa hivyo baada ya siku mbili tatu za kuizoea sukuma betri nyuma milimita 3 kila mara mpaka elevoni zikiwa juu milimita 2 tu inaenda sawa bila kushikwa. Kama mwili wako hauna umbo la pembetatu kamili, ncha zikiwa zimekatwa ama kuna mikia, fuata alama ya mtengenezaji, si hesabu yangu.

Propela. Namba mbili zake, ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni pichi, yaani ingesonga mbele inchi ngapi kwa mzunguko mmoja kama inapita kwa kitu kigumu kama skrubu. Spidi ya pichi unaipata hivi: mizunguko kwa dakika zidisha pichi zidisha 0.001524, jibu ni kilomita kwa saa. Mizunguko bila mzigo ni KV zidisha volti, lakini propela ikiwa imefungwa chukua karibu asilimia 78 ya hiyo. Yangu ya kwanza: 1,800 zidisha 11.1 ni 19,980, asilimia 78 ni kama 15,600, zidisha pichi 4 unapata kilomita 95 kwa saa. Ndege haiwezi kupita hapo ikienda sawa hata ukiilainisha vipi, na kwa kawaida inafika asilimia 80 hadi 90 ya hiyo. Nilipoipima ilikuwa 78, na baada ya kulainisha ikafika 86 na sikuwa nimebadilisha chochote cha umeme.

Hapo sasa unaona mota ya KV ndogo na propela kubwa imepangiwa kupanda na kubeba, si kukimbia. Ukitaka spidi kipenyo kipungue na pichi ipande, pichi ikaribie kipenyo: 5x4.5, 5x5, 4.75x4.75. Ya vipande viwili, si vitatu, ya vitatu inakula ampea nyingi kwa spidi ile ile. Ubaya wake ni kwamba ukiwa polepole, kama wakati wa kuirusha, propela ya pichi kubwa haivuti vizuri, inapasua hewa tu, kwa hivyo pandisha pichi hatua moja kwa wakati, usiruke kutoka 4 hadi 5.5.

Kitu kimoja kinawaponyoka wengi: maandishi ya propela yanaangalia mahali ndege inaenda, kila wakati, hata mota ikiwa nyuma. Kwa delta ina maana maandishi yanaangalia mota. Ukiyageuza yaangalie nyuma ndege itaruka bado, lakini kinyonge, na utaanza kulaumu betri. Propela ikiwa imeangalia vizuri lakini inapuliza mbele, badilisha waya mbili zozote kati ya tatu za mota. Na kwa kuwa mota ya nyuma inazunguka kinyume na ile ya mbele, nati ya kawaida inaeza kujifungua, tumia nati yenye mpira wa nailoni ndani. Balansi propela pia, upande mzito ukune na msasa mgongoni mpaka ikae popote, mtetemo unakula spidi na unalegeza kila kitu nilichokuwa nakuambia ugundishe.

Baada ya hapo ndio nilibadilisha mota, nikaweka ya ukubwa wa 2206 ya KV 2,300, zile za droni za mashindano, na propela 5x4.5, kwa betri ile ile ya 3S. Mizunguko inakuja karibu 19,900, spidi ya pichi ni kama 137. Wata mita yangu ilisoma ampea 14 ndege ikiwa imeshikwa chini. Wata mita usiikose, Luthuli Avenue ukizunguka duka mbili tatu za spea za elektroniki utaipata, na ndio kifaa pekee kitakuambia kama unaunguza kitu kabla moshi ukuambie. Sheria yangu ni ESC iwe na theluthi zaidi ya kile umesoma, ukisoma 20 unahitaji kama 27, kwa hivyo weka ya 30. Betri zidisha C yake (ile namba imeandikwa juu yake ya vile inaeza kutoa umeme haraka) na ampea-saa: 1.3 zidisha 30 ni ampea 39, alafu usiamini, gawanya kwa mbili, juu wengi wanaandika C wanayotaka. Kile kiunganishi kidogo chekundu cha JST kitoe, ni cha ampea chache sana, weka XT30 ama XT60 na waya nene, na ukichomelea hakikisha risasi imeingia ndani ya nyuzi, isiwe imekaa tu juu kama tone.

4S? Inawezekana, mota nyingi za 2206 zinaikubali, lakini pandisha volti bila kushusha propela ampea zinaruka sana. Anza na propela ndogo zaidi ya ile ya 3S, soma wata mita kwa sekunde tano tu, shika mota, ikiwa huwezi kuweka kidole juu yake sekunde mbili rudi nyuma. Na usiifikirie kabla elevoni zako zimepita mtihani wa spidi ya 3S bila sauti yoyote.

Kwa rimoti washa mikisi ya delta ama elevoni (ile inafanya elevoni mbili zipandishe na pia zigeuze ndege), alafu kabla ya kila siku ya kuruka angalia ukiwa nyuma ya ndege: vuta stiki kwako, elevoni zote mbili zipande, stiki kulia, ya kulia ipande ya kushoto ishuke. Weka ekspo ya asilimia 30 hadi 40, ndio katikati ya stiki iwe pole. Tegesha swichi ya kuzima mota na kidole kiizoee.

Kuirusha ndio mahali watu wanaumia. Propela iko nyuma ya mkono wako. Shika ndege kutoka juu, mbele ya mota, ama mwenzako airushe akiwa ameshika ncha ya bawa, na mota iwashwe IKISHATOKA mkononi, nusu mafuta, pua imeinuka kidogo, uso kwa upepo. Itajaribu kulala upande wa kushoto mafuta yakiingia, mpe kulia kidogo ukingoja. Na kijana akiwa na wewe akuulize "anko naeza rusha?" mfundishe kwanza na betri ikiwa imetolewa, mara kumi, ndio umpe ya kweli.

Mahali pa kurukia, kaa mbali na viwanja vya ndege vya Wilson, JKIA na ule wa jeshi wa Eastleigh, hiyo inamaanisha Lang'ata, South C na Embakasi usahau hata kama una uwanja mzuri nyuma ya nyumba, na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, wana kanuni za ndege zisizo na rubani za 2020, zisome kabla. Ndege ya gramu 430 ikienda kilomita 120 kwa saa inapasua kioo cha gari na inaeza kuua mtoto, kwa hivyo uwanja wa mpira wenye watu kando si mahali pake hata kidogo. Tafuta shamba wazi, ongea na mwenye shamba, nenda asubuhi kabla ya saa tatu upepo haujaamka. Julai asubuhi ikiwa baridi weka betri ndani ya koti mpaka dakika ya mwisho, lipo baridi inashuka volti. Kwa matatu beba betri kwa kiboksi kigumu, vichwa vya waya vimefunikwa.

Raundi za kwanza panda juu, nusu mafuta, sikiliza. Ongeza robo, sikiliza. Ukisikia ule mngurumo wa nyuki rudisha mafuta chini SAA HIYO HIYO, inua pua polepole, tua, tafuta uchezo ulipo. Usipige mbizi na mafuta yote, spidi ya mbizi inapita ile ya kawaida na ndio inavunja. Betri ya 1,300 mAh kwa ampea 15 inakupa kama dakika nne ukibakisha asilimia 20, weka taima ya tatu na nusu, na kumbuka itatua kwa kasi kuliko ulivyozoea.

Kupima huhitaji kifaa cha bei. Weka simu chini irekodi sauti, pitisha ndege sawa juu ya simu, mara moja na upepo mara moja dhidi yake, mafuta yote, bila kushuka. Nyumbani fungua rekodi kwa programu ya Audacity uangalie spektrogramu, yaani picha ya sauti, utaona mstari wa sauti uko juu ikija na unaanguka ikiondoka. Chukua namba mbili, toa ndogo kwa kubwa, gawa kwa jumla ya zote mbili, zidisha 340 ambayo ni spidi ya sauti asubuhi ya baridi, unapata mita kwa sekunde, zidisha 3.6. Yangu ilikuwa 722 ikija na 591 ikienda: 131 gawa kwa 1,313 zidisha 340 ni karibu 34, hiyo ni kilomita 122 kwa saa, wastani wa pande mbili. Kutoka 78, na betri bado ni ile ya 3S.

Ukirudi nyumbani betri ziteremshe ama zipandishe hadi volti 3.8 kwa kila seli kabla ya kuziweka, na ukichaji iwe 1C (ampea 1.3 kwa betri ya 1,300 mAh), ukiwa macho, juu ya sakafu ya simiti. Stima ikipotea katikati chomoa kabisa, ikirudi anza upya. Alafu kabla ya Jumapili ingine pitisha kidole kwa kila bawaba na uangalie mizizi ya propela kama kuna ufa mweupe, ukiona hata mdogo itupe, usiibandike.